"Wanawake watupu": hivi neno TUPU lina maana ngapi, na ipi ilitangulia?

#1 Mwanatanga
Wakuu, habari za jioni. Kuna neno limeleta mtafaruku kwenye ukoo wetu.

Mdogo wangu anaolewa. Mama yetu, mzaliwa wa Pangani, aliandika kwenye kundi la ukoo: "Alhamisi ni hina ya bibi harusi, ni shughuli ya wanawake watupu, waume wakae mbali." Dakika haikupita, wajukuu wa Dar wakamwaga vikaragosi vya kucheka. Mmoja akauliza, "Bibi, na nguo zitaachwa wapi?" Mama akatoka kundini. Mpaka leo hajarudi, na nikimpigia anaishia kwenye salamu.

Kwetu hivyo ndivyo tunavyosema: wanawake watupu, yaani hakuna mwanamume. Lakini nakiri na mimi nilicheka kabla sijaona ameumia. Tangu siku hiyo neno hili haliniachi. Debe tupu, halina kitu. Uongo mtupu, hamna ukweli ndani. Mtu mtupu, hana nguo. Inakuwaje neno moja libebe "hakuna kitu", "hicho hicho peke yake" na "uchi"? Ipi ndiyo maana mama, na zipi ni watoto?

#2 KariakooJioni
Pole kwa mama. Hao wajukuu wakamwombe radhi kwanza, lugha baadaye.

#3 FundiBati
Mimi nafua mabati mtaa wa Gerezani, Dar, kwa hiyo debe ni mali yangu. Maana ya asili ni moja: hakuna kilichomo. Ndiyo maana methali ikasema debe tupu haliachi kuvuma. Ya uchi imekuja kwa kufananisha, mwili usio na nguo ni kama debe lisilo na mafuta. Sioni fumbo hapo.

#4 BintiWete
#3 kaka yangu, ukifananisha hivyo inagoma. Mafuta yako ndani ya debe, nguo iko nje ya mwili. Mtu aliyevua nguo ndani yake hakujatoka kitu.

Mimi naona asili si "hakuna kilichomo", ni "hakuna kilichoongezwa". Angalia jikoni. Nikisema leo tumekula wali mtupu, sahani haikuwa wazi, wali ulikuwemo tena tele. Kilichokosekana ni mchuzi. Chai tupu, hakuna mkate wa kuchovya. Macho matupu, hayana miwani wala darubini. Mwili mtupu, hauna nguo. Wanawake watupu, hawakuchanganywa na wanaume. Yote yanakaa kwenye mstari mmoja: kitu kimeachwa kama kilivyo, hakina mwenzake. Hata debe tupu ni debe peke yake.

Mama wa mleta uzi kasema Kiswahili safi kabisa.

#5 Mwanatanga
#4 ahsante dada, hii nitamsomea.

#6 Msahihishaji
Tatizo la wale wajukuu ni upatanisho wa kisarufi. Siku hizi watu wengi wanaokusudia "peke yake" huliacha neno bila kiambishi: "walikuja wanaume tupu", "ni vijana tupu". Wakiweka kiambishi, "wanaume watupu", wanasikia uchi. Yaani lugha ya mjini imeligawa neno mara mbili: TUPU isiyobadilika ni "peke yake", na -TUPU yenye kiambishi ni "uchi" au "bila kitu". Mama anatumia sarufi ya zamani ambayo haijagawanyika.

#7 KariakooJioni
#6 na "uongo mtupu" je? Ina kiambishi na hakuna anayesikia uchi hapo.

#8 Msahihishaji
Kwa sababu uongo hauna mwili wa kuvua nguo. Mgawanyo niliousema unawahusu watu. Vitu vinabaki na sarufi ya zamani: ugali mtupu, maneno matupu, chumba kitupu.

#9 FundiBati
"Ukweli mtupu" ukweli ukiwa hauna nguo 😂

#10 BintiWete
#9 umecheka lakini umenisaidia. Ukweli mtupu ni ukweli usiopakwa rangi. Narudi pale pale kwenye #4.

#11 Njia_ya_Murang'a
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, lugha ya mama ni Kikuyu. Kuna neno letu tũhũ, maana yake bure, kitu kisicho na faida, kitu cha kupewa bila malipo. Na si bahati nasibu. Mahali Kiswahili kina P, sisi mara nyingi tuna H: panda ni handa, lipa ni rĩha. Kwa hiyo tupu na tũhũ ni ndugu wa damu. Lakini tũhũ kwetu haina uchi ndani yake. Uchi ni njaga, neno lingine kabisa. Kwa hiyo FundiBati anaweza kuwa sahihi: asili ni ukosefu, na uchi ni mgeni aliyeingia baadaye huko pwani.

#12 Kitwana_M
Mbona mnazunguka? TUPU imetoka kwenye TUPA. Ukitupa kilichomo, kinachobaki ni tupu. Debe limetupwa mafuta, mwili umetupwa nguo. Kwisha.

#13 Njia_ya_Murang'a
#12 ndugu, hiyo inapendeza masikioni lakini lugha za jirani haziikubali. Kutupa kwetu ni gũte, haina H hata moja. Kama tupu ingezaliwa na tupa, basi nasi tungekuwa na jozi inayofanana. Tuna tũhũ upande huu na gũte upande ule, hazigusani.

#14 Kitwana_M
Kwenu hazigusani. Kwetu zinagusana. Mtoto anaweza kuwa na baba mmoja Murang'a na mwingine Lindi?

#15 Njia_ya_Murang'a
Ndilo nililosema, baba ni mmoja 😄

#16 Ustadhi_wa_Mtaa
Asalaam aleikum. Kuna matumizi hamjayagusa. Madrasa tulifundishwa "tupu mbili", ya mbele na ya nyuma. Kwenye vitu vinavyotengua udhu kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, kimojawapo ni kugusa tupu kwa kiganja. Na kustiri utupu ni sharti la swala. Hapa tupu si sifa tena, ni jina la kiungo.

Walimu wetu walichagua neno hili kwa adabu. Kiungo chenyewe kina jina lake, na jina hilo husemi mbele ya wazazi wa wanafunzi. Ukisema "tupu" umekizunguka. Na stara ya neno huchakaa kama stara ya nguo: ukilitumia miaka mingi kusitiria kitu, mwisho neno lenyewe linaanza kuonekana halina adabu. Nadhani ndicho kilichowakuta wale wajukuu. Wamelisikia zaidi kwenye maana ya aibu kuliko kwenye wali.

#17 BintiWete
#16 hapo umesema, shekhe. Nyanyangu alikuwa anasema "uchi" kwa kunong'ona na "utupu" kwa sauti. Mimi leo nikitaka adabu nasema "bila nguo", maana utupu nao umeshakuwa mzito.

#18 Mama_Imani
Bwana asifiwe, nami nichangie. Kwenye Biblia ya Union Version ya 1952, pale mwanzo kabisa utupu si aibu hata kidogo. Mwanzo 1:2, "Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu." Ni dunia kabla haijawekwa kitu. Kisha sura ya pili, Adamu na mkewe, linatumika "uchi". Watafsiri walikuwa na maneno yote mawili mkononi na hapo wakayapa kazi mbili tofauti, ingawa Walawi 18 wameandika "utupu" kwa maana ya uchi.

Halafu kuna Mhubiri: "Ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili." Miaka mingi nilidhani "mtupu" pale inasema ubatili usio na kitu ndani. Sasa nikisoma maelezo ya #4 naona inaweza kuwa ubatili peke yake, usiochanganyika na jambo jingine. Zinanipa mahubiri mawili tofauti.

#19 Msahihishaji
#18 mama, Kiebrania pale ni *hevel*, pumzi au mvuke, na limerudiwa kwa muundo wa "hevel ya mahevel", kama tunavyosema mfalme wa wafalme. Kwa hiyo "mtupu" imewekwa kukuza neno, haileti habari mpya ya uwazi. Hiyo ni kazi ya nne ya tupu: kukoleza. "Fujo tupu", "raha tupu", "shida tupu". Ukisema shida tupu, umejaa shida mpaka juu! Neno la kukosa limegeuka neno la kujaa.

#20 KariakooJioni
Jamani #19 hii sijawahi kuiona. Raha tupu = raha tele. Chumba kitupu = hamna kitu. Neno lile lile.

#21 Konda_Mstaafu
Nilipiga debe kituoni miaka 9. "Gari tupu, gari tupu, twende!" Hapo tupu ni habari njema, maana yake utakaa. Gari likijaa huliiti tupu hata ukiwa umebeba wanafunzi watupu.

#22 FundiBati
#21 umebeba nini??

#23 Konda_Mstaafu
#22 wanafunzi peke yao, ndugu yangu, wenye sare na mabegi! Unaona, nimesema kama mama Pangani bila hata kufikiri. Na mimi si mtu wa pwani, kwetu Shinyanga. Kisukuma "hakuna" ni nduhu. Mkikuyu wa #11 atazame na hiyo, naona duhu na tuhu zimeketi meza moja.

#24 Njia_ya_Murang'a
#23 inavutia sana. T kugeuka D hapo isikushangaze, iko kanuni ya sauti inayoitwa ya Dahl, na Kisukuma ni mojawapo ya lugha zinazotajwa. Mimi nauona undugu, ila niachie nafasi ya kuwasikia Wasukuma wengine.

#25 Rusizi_Asubuhi
Niko Bujumbura. #11 unasema uchi ni mgeni wa pwani. Sikiliza hii. Kirundi na Kinyarwanda hatuna tupu, tuna shina -sa. *Ubusa* ni utupu, si kitu. Mtu aliye uchi tunasema *yambaye ubusa*, neno kwa neno "amevaa utupu". Na neno la "tu, peke yake" ni *gusa*. Angalia: hakuna kitu, uchi, peke yake. Maana zile zile tatu zinazomsumbua mleta uzi, juu ya shina ambalo halina hata herufi moja ya tupu!

Sasa pwani imeingiaje huku milimani kutuazima maana tatu bila kuacha neno? Mimi nasema hizi maana zinatembea pamoja zenyewe.

#26 Mwanatanga
#25 nimesimama kwenye kiti. "Amevaa utupu"!

#27 Nakawa
Hata Luganda. *Bwereere* ni bure, na mtu aliye *bwereere* yuko uchi. Mikono mitupu ni *ngalo nsa*, hiyo -sa ya #25 hiyo hapo. Sisi Waganda tunasemwa Kiswahili hatukijui, lakini utupu tunaujua.

#28 Lulua_L'shi
Lubumbashi hapa. Kiswahili chetu tunasema bule, na inabeba mzigo mwingi: kitu cha bule, maneno ya bule, nilienda bule sikupata. Tupu ya kwenu tunaisikia kwenye kanisa zaidi. Kwa hiyo mama ya Pangani angekuja huku, hakuna mtu angemucheka, labda wangemuuliza tu maana.

#29 Msahihishaji
Turudi kwenye #25. "Tu" na "tupu" za kwetu je? "Wanawake tu", "wanawake watupu". Zinabadilishana bila sentensi kuumia. Mimi nashawishika kuwa "tu" ni tupu iliyopungua kwa kutamkwa mara nyingi. Maneno madogo yanayotumika kila sekunde huchongoka hivyo.

#30 Kitwana_M
Yangu ya tupa mliikataa kwa kufanana sauti, sasa ya tu mnaikubali kwa kufanana sauti!

#31 Njia_ya_Murang'a
#30 ana haki. #29 ushahidi wako ni maana, na maana peke yake haitoshi. "Peke yake" nayo inabadilishana na "tu", na hazina undugu wa sauti.

#32 Msahihishaji
Nakubali haitoshi. Siiachi lakini.

#33 Zebaki
Nafundisha fizikia kidato cha tatu, naomba niwaharibie starehe. Debe tupu la FundiBati si tupu. Limejaa hewa, na ndiyo maana linavuma: ukiligonga, hewa iliyomo inatikisika pamoja na bati. Lijaze mchanga uone kama litavuma. Kwa hiyo methali inasimama juu ya debe lililojaa.

Utupu wa kweli tunauita ombwe. Mwaka 1643 Torricelli kule Italia alijaza zebaki kwenye mrija wa kioo wa karibu mita 1, akaupindua ndani ya beseni la zebaki. Ile ya mrijani ikashuka ikasimama kwenye sentimeta 76 hivi. Pale juu palipobaki hapakuwa na hewa. Ombwe. Hata chupa yako ya chai inatunza joto kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imenyonywa. Wanafunzi wangu wakiandika "utupu" nawapa alama, ila nawaambia ombwe halina hewa, na tupu haina *unachokitafuta*.

#34 BintiWete
#33 mwalimu, hiyo sentensi ya mwisho ni nzito kuliko zebaki. Tupu haina unachokitafuta! Wali mtupu unatafuta mchuzi. Gari tupu unatafuta watu. Mama anatafuta wanaume hawapo, akasema watupu.

#35 Ustadhi_wa_Mtaa
Na mkono mtupu haulambwi, kwa sababu mlambaji anatafuta asali.

#36 Maskati_Jioni
Salamu kutoka Oman. Wazee wetu walirudi huku wakitokea Unguja, na nyumbani bado tunasema Kiswahili. Hapa jirani kuna jangwa la Rubu al-Khali, robo tupu. *Khali* ndiyo tupu ya Kiarabu. Ni kama kilomita za mraba 650,000, kubwa kuliko Kenya nzima, limegusa Saudia, Oman, Yemeni na Emirati. Lakini Mabedui wenyewe huliita *ar-Ramla*, mchanga. Bertram Thomas alipolivuka mwaka 1930 na 1931, kutoka Salala mpaka Doha, aliongozwa na watu wa kabila la Rashid waliokuwa wakijua visima. Kwa hiyo wapo walioliita tupu, na wapo waliokuwa wakilisha ngamia humo. Naunga mkono #33.

Na kitu kingine: sifuri mnayohesabia imetoka kwenye *sifr*, nayo maana yake tupu. Waarabu waliifasiri *shunya* ya Kihindi, ambayo nayo ni tupu. Leonardo wa Pisa akaiandika *zephirum* mwaka 1202, na Wazungu wakaichonga zaidi wakapata zero yao.

#37 BintiWete
#36 na mwezi wa Safar je, Mfunguo Tano? Babu alikuwa akituambia Waarabu waliuita hivyo kwa sababu nyumba zilibaki tupu, watu wametoka safari na vita.

#38 Maskati_Jioni
#37 ndiyo, maelezo hayo yapo na hata huku wazee wanayasema. Yapo na mengine, lakini hilo la nyumba ndilo linalopendwa.

#39 Mpunga_Ifakara
Mimi mkulima, nimesoma kimya tangu #1. Mmesahau pepe. Mpunga ukichanua jua likawaka bila mvua, unavuna suke zuri kwa macho, ukipepeta nusu inaruka na upepo. Hayo ni mapepe. Ganda lipo, punje hamna. Hatusemi "mpunga mtupu", kwa sababu mpunga mtupu ni mpunga usiochanganywa na mahindi, na huo ni mzuri, una bei.

Mwaka mmoja nilivuna magunia 11 nikafurahi. Nilipopeta yakabaki 6. Mke wangu alishika kiganja cha mapepe akayapuliza, akasema "tumelima hewa". Kwa hiyo kwangu tupu siyo neno baya. Neno baya ni pepe, maana linakudanganya kwamba limejaa.

#40 FundiBati
Pole mkuu. Ndiyo maana mtu asiyetulia tunasema ana mapepe?

#41 Mpunga_Ifakara
Huku tunaelewa hivyo. Upepo mdogo tu, karuka.

#42 Mama_Imani
#39 umenigusa. Kuna na mahame, pale palipokuwa kijiji watu wakahama. Kwetu paliitwa hivyo mpaka na miembe yake, na miembe ilikuwa inazaa kila mwaka. Hakuna aliyepaita patupu.

#43 Konda_Mstaafu
"Patupu" tumewaachia watangazaji wa mpira. Timu yaambulia patupu ugenini. Siku nyingine yatoka kapa.

#44 Msahihishaji
#43 na hiyo "patupu" ni nzuri sana kisarufi. Kitu kilichokosekana ni pointi tatu, lakini sifa imepewa *mahali*. Kana kwamba umenyoosha mkono ukakuta pale hamna.

#45 Mwanatanga
Wakuu, nina habari. Nilimsomea mama #4, #16 na #34. Alisikiliza kimya, kisha akanituma niwaandikie hivi, nanukuu kama alivyosema:

"Waambie sikukusudia 'peke yao'. Ningekusudia hivyo ningesema wanawake peke yao. Watupu ni zaidi. Siku ya hina bibi harusi anasingwa, anaambiwa mambo ya ndani, wakubwa wanalia, hakuna anayejifunika mbele ya mwenzake, si mwili wala moyo. Nilisema watupu nikijua nasema nini."

Kwa hiyo wajukuu na mimi sote tulikuwa tumekosea, kila mtu upande wake.

#46 BintiWete
Mama kanivunjia #4 yangu, na sikasiriki.

#47 Njia_ya_Murang'a
Kwa hiyo maana mbili zilikuwa kwenye neno moja na alizitaka zote mbili? Basi hilo la #6 la kuligawa neno limekwama.

#48 Msahihishaji
Limekwama kwa mama. Kwa wajukuu bado linafanya kazi, wameligawa kweli. Alhamisi watakuwa nyumba moja wakisema maneno mawili.

#49 Kitwana_M
Muulizeni mama kama tupu imetoka kwenye tupa.

#50 Mwanatanga
#49 nimemuuliza. Amesema "mwambie aje, nguo za vyombo zipo za kutupa." Sikuelewa kama ni ndiyo au hapana. Kundini amerudi. Ujumbe wake wa kwanza: Alhamisi baada ya alasiri, wanawake watupu.

#51 Rusizi_Asubuhi
Mpe salamu. Na mtu wa Kimakonde au Kinyamwezi yupo humu? Nataka kujua kama kwenu nako "uchi" na "peke yake" vinalala kitanda kimoja.